Sura ya Tisa: Uso wa Bluu Ukutani

Inspekta alifika zahanati akiwa amechoka kabla kazi haijaanza. Magoti yalimuuma, viatu vilimbana, na chai yake alikuwa ameiacha mezani ikipoa, kwa sababu mkuu wa kituo alimpigia simu akasema neno moja tu, "Tena," kisha akakata. Mwanamke mwenye cheo na miaka yake kazini, anakurupushwa asubuhi kwa ajili ya rangi ya ukutani! Lakini Jumamosi mheshimiwa alikuwa anakuja kuuzindua ukuta huo, na mkuu wa kituo alitaka mtu wa kumweka ndani kabla ya hapo. Awe nani, hilo halikumsumbua sana.

"Ni yule yule?" alimwuliza konstebo aliyekuwa akimsubiri.

"Yule yule, afande. Wengine hawajaguswa."

Inspekta aliinua macho. Ukuta wa zahanati ulikuwa mrefu, na tangu watu waufahamu ulikuwa wa kijivu, umejaa matangazo ya vyumba vya kupanga na dawa za nguvu. Ndipo alipokuja mchoraji, dada mmoja mwembamba mwenye subira ya ajabu. Hakutaka kuchora peke yake halafu mtaa uitwe kupiga makofi. Aliitisha mikutano uani mwa zahanati, akasikiliza maneno mpaka wasemaji wenyewe wakachoka, na mwisho wakaelewana: ukuta ubebe nyuso za watu wa mtaa. Kila nyumba ilete picha. Mlangoni viliwekwa vikapu viwili, cheupe cha walio hai na cheusi cha waliofariki. Walio hai walichorwa kwa rangi za ngozi zao. Waliofariki walichorwa kwa bluu tupu, safu ya juu. Mchoraji alichora mistari tu. Rangi walijaza watu wenyewe, wakubwa kwa wadogo, kutwa nzima, wakicheka na kuchafuana. Ilikuwa siku nzuri. Hata Inspekta, aliyepita kwa kazi nyingine, alipewa brashi akapaka sikio la mtu asiyemjua.

Uso uliokuwa ukichezewa ulikuwa safu ya juu, wa binti wa fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara. Binti huyo alitoka nyumbani asubuhi moja, mwaka juzi, na hakurudi. Kesi ilikuwa ya Inspekta, na haikuwa imesogea hata inchi. Kila mwisho wa mwezi yule fundi hufunga duka, huja kituoni, hukaa kwenye benchi na kuuliza, "Mwanangu yuko wapi, afande?" Na Inspekta humjibu kwamba hajui. Kazini alishaona maiti, alishaona majambazi, lakini hakuna kilichomchosha kama kumjibu mama yule.

Alipanda ngazi ya zahanati huku konstebo akiishikilia. Aligusa shavu la binti kwa ncha ya kidole, likamwachia rangi. Paji la uso, mashavu na pua vilikuwa vimegeuzwa kutoka bluu kuwa maji ya kunde. Kidevu na shingo vilibaki bluu. Macho hayakuguswa, wala nywele, na pembeni mwa mdomo brashi ilikuwa imepita polepole, kwa mkono wa mtu aliyeogopa kukosea.

"Umemleta nani?" aliuliza alipokuwa anashuka.

"Mzee Pinga, afande. Alipinga ukuta huu mkutano wa kwanza mpaka wa mwisho. Na stoo kwake kuna kopo la rangi."

Mzee Pinga, mstaafu wa reli, alikuwa ameketi kwenye benchi la wagonjwa na kofia magotini. Alipomwona Inspekta hakungoja kuulizwa.

"Mwambie kijana wako mimi si mwizi. Nilikataa mchana, mbele za watu, tena kwa sauti! Nitakujaje kufuta kwa kujificha?"

"Kopo la rangi je?"

"La mlango wa choo. Kijani. Nenda ukaangalie choo changu, kama una hamu."

"Kwa nini uliupinga, mzee?"

Mzee aliigeuza kofia. "Mtu analetwa kutoka huko, anatuuliza tunataka nini kwenye ukuta. Nikasema nataka ukarabatiwe, unavuja. Wakacheka. Basi nikakataa."

"Na picha yako mbona haipo?"

"Hakuna aliyeniomba," alisema, na Inspekta akajua kwamba hapo ndipo palipokuwa panauma. Alimwambia aende nyumbani. Konstebo alikunja uso.

"Afande, mkuu amesema..."

"Mkuu hajapanda ngazi. Mtu mwenye chuki humwagia rangi akakimbia. Huyu amepaka taratibu kama anampodoa bibi harusi. Rangi zilizobaki zimehifadhiwa wapi?"

Konstebo alikohoa. "Kwa fundi cherehani, afande. Ndiye aliyeshona aproni za siku ile, makopo nayo yakawekwa kwake."

"Hukuona hiyo ni habari ya kuniambia?"

"Nilidhani... yule ni mama wa binti, afande. Hawezi kumharibu mwanawe."

"Hakumharibu," Inspekta alisema, akavuka barabara.

Duka la fundi lilikuwa chumba kimoja chenye cherehani dirishani. Fundi alikuwa akikata kitambaa. Hakusimamisha mkasi alipoona sare, ila kidole gumba kilichoshika mkasi kilikuwa na maji ya kunde mpaka chini ya ukucha. Kesi iliyomnyima usingizi mkuu wa kituo ilikuwa imeishia hapo, kwenye ukucha.

"Shikamoo, dada," Inspekta alisema, kwa kuwa fundi alikuwa amemzidi umri kidogo.

"Marahaba. Umekuja kunikamata?"

"Nimekuja kukuuliza."

"Uliza. Ukimaliza na mimi nitakuuliza." Fundi aliweka mkasi chini. "Ni mimi. Watu wakienda kazini, barabara ikitulia, napanda. Sikufuta chochote. Nimemrudisha tu alipostahili kuwa. Sasa na wewe niambie: ni nani aliyewaambia kwamba mwanangu amekufa?"

Inspekta alivuta stuli akakaa. Swali hilo hakulitegemea. "Picha hukuipeleka wewe?"

"Mimi? Nimpeleke mwanangu kwenye kikapu cheusi kwa mikono yangu?" Sauti ilimpanda, akaishusha. "Siku mchoraji alipomaliza mistari, nilitoka nje nikamwona kule juu na maiti. Majirani wakaja mmoja mmoja kunishika mkono. Pole, mama. Pole sana. Nikajua wameshakaa wakakubaliana kwamba niache kumsubiri. Ningemgombeza nani? Mtaa mzima?"

"Hukumwuliza hata mmoja?"

"Mtu akikupa pole unamwuliza pole ya nini?"

Inspekta alisugua macho. Aliiona sasa, na iliudhi kwa jinsi ilivyokuwa rahisi. Majirani waliona picha kikapuni, wakadhani mama ameileta, kwamba moyo wake umekubali hatimaye. Wakaja na pole. Mama alipokea pole akadhani majirani ndio walioileta. Pande zote mbili zilikuwa na adabu mno kuuliza. Na kati ya adabu hizo alikuwepo mtu mmoja aliyeitumbukiza ile picha, naye hakuwa akikisia.

"Dada, ile picha unaijua?"

"Siijui. Ila nywele nazijua." Fundi alionyesha kwa mikono yake mwenyewe, akirudisha vidole nyuma ya kichwa. "Mistari ile nilimsuka mimi, hapa nilipokaa. Alikuwa amemaliza shule juzijuzi, nywele ndiyo kwanza zimekua. Nilimsuka jioni. Asubuhi yake akaondoka."

"Hakuwahi kusukwa kabla?"

"Shuleni walikuwa wananyoa. Si unaona?" Aliashiria ukutani, kwenye tangazo la kumtafuta, lile lile lililobandikwa mlangoni mwa kituo, kwenye stendi na sokoni: msichana aliyenyolewa kipara, sare ya shule, macho makubwa. "Nilimwambia shemeji yangu, yule wa studio, mume wa mdogo wangu, aliyetutengenezea tangazo. Nikamwambia, shemeji, sasa amesukwa, watu watatafuta kipara. Akasema picha nyingine hana, hiyo itatosha. Mungu ambariki, hakutaka hata nimlipe."

Inspekta alitazama tangazo, kisha akainuka, na magoti yakalia.

"Unanikamata?" fundi aliuliza tena.

"Kopo likiisha utapata wapi rangi nyingine?" Inspekta alisema. "Basi usiimalize. Nakuja."

Inspekta na konstebo walimkuta mchoraji nyuma ya zahanati akiosha brashi. Picha za watu alikuwa amezihifadhi kwenye bati la biskuti, ili kila mtu arudishiwe yake siku ya uzinduzi. Picha ya binti ilikuwa chini kabisa. Hakuna aliyeiulizia.

"Nilishangaa," mchoraji alisema. "Za waliofariki watu wameshazifuata. Hata usiku hawalali zisipokuwa kabatini. Hii tu ndiyo imebaki."

"Uliona aliyeileta?"

"Vikapu vilikaa mlangoni muda wote. Watu waliingia wakatoka. Sikutaka kuwasimamia, afande. Ukianza kuwasimamia watu, ukuta unakuwa wako peke yako."

Inspekta aliishika picha kwenye mwanga. Ndogo, ya mraba, nyuma yake pazia jeupe. Binti ametazama mbele bila kucheka, kama watu wanavyoagizwa kwa picha za vitambulisho. Mistari ya nywele ilikuwa mipya, inang'aa mafuta. Na alikuwa amevaa koti jeusi la kiume, mabega yamempita, kifungo cha juu kikiwa cha kahawia na vingine vyeusi.

"Nipe na hizo nyingine."

Alizipanga juu ya ngazi za mlango. Mwenye duka la dawa, koti jeusi, kifungo cha kahawia. Mwalimu wa chekechea, koti jeusi. Muuza mkaa, koti jeusi, limemkaba shingo mpaka mishipa imesimama. Konstebo alianza kucheka.

"Afande, kumbe mtaa mzima una koti moja!"

"Lipo kwenye kitambulisho changu pia," Inspekta alisema. "Ni koti la studio. Kila anayetaka picha ya heshima anavalishwa." Alirudisha picha kwenye bati, akabaki na moja. "Asubuhi aliyopotea, huyu mtoto alikwenda kwa Baba Mdogo wake, mwenye studio, akavaa koti. Na Baba Mdogo alituambia nini?"

Konstebo aliacha kucheka. Maelezo yale aliyakumbuka, kwa sababu ndiye aliyeyaandika. "Kwamba hakuwa amemwona tangu wiki iliyotangulia."

Studio ilikuwa kona ya pili, kioo chake kimejaa mabibi harusi waliofifia kwa jua. Mpiga picha alikuwa mtu mpole, mwenye kitambi na miwani, wa aina ambayo hukushikia mlango. Aliwakaribisha viti, akauliza kama ni picha ya familia. Koti lilikuwa limetundikwa kwenye msumari kando ya pazia.

Inspekta alilichukua. "La siku nyingi hili?"

"Aa, la zamani! Lingekuwa mtu lingekuwa na wajukuu."

"Na kifungo hiki?"

"Kilikatika. Shemeji yangu fundi akanishonea hicho alichokuwa nacho. Si unajua ndugu, hawakatai."

Inspekta aliweka picha ya binti juu ya kaunta, kando ya kifungo. Mpiga picha aliitazama, akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Picha ilikuwa bado ile ile. Alikwenda akakaa kwenye stuli ya wateja, mbele ya pazia, mikono magotini.

"Alikuja asubuhi sana," alisema. "Akaniambia, Baba Mdogo, nipige ya pasipoti, Mama asijue. Alikuwa anataka kwenda ng'ambo, kazi za ndani. Kuna mama mmoja anawapeleka wasichana. Mimi ndiye niliyemkutanisha naye."

"Mama yake alikuwa amekataa?"

"Alikataa katakata. Mimi nikaona mtoto anapoteza bahati. Nikasema atafika, atapiga simu, mama yake atanuna siku mbili, yataisha."

"Akapiga?"

"Hakupiga. Ilipita miezi. Nikawa namtafuta yule mama, simu haipokelewi. Mwisho akanipigia yeye. Akasema binti aliugua, amefariki, na wamemzika huko huko. Akakata."

"Ukanyamaza."

"Nilisema nitamwambia shemeji kesho. Nikienda kwake ananiwekea chakula. Ananiuliza, shemeji, umesikia lolote? Nikishasema hapana leo, kesho nitasemaje ndiyo?" Alifuta pua kwa kiganja. "Afande, hujui ilivyo. Kila siku inakuwa ngumu kuliko jana."

"Tangazo ulitengeneza wewe. Ukaweka kipara."

"Ningeweka hii, wangejua imepigwa hapa."

"Kwa hiyo tumetafuta kipara muda wote huu. Stendi, mpakani, kila mahali. Angepita mbele ya askari na nywele zake zile, asingemtambua." Hasira ilikuwa imemshika Inspekta, ya kweli, ya kutaka kupiga kitu. "Na kikapu cheusi?"

Hapo mpiga picha alilia. "Nilitaka na shemeji apewe pole. Watu wote walikuwa wanaleta wafu wao. Binti nani angemleta?"

Konstebo alitazama sakafu. Inspekta alilitundika koti mahali pake na kuchukua simu ya mpiga picha kwenye kaunta.

"Namba ya huyo mama imo humu?"

"Imo."

"Simama. Hatuendi kituoni kwanza. Utakwenda kumwambia shemeji yako kwa kinywa chako."

"Afande, nakuomba..."

"Simama, bwana. Nimechoka mimi."

Fundi hakuwa dukani. Alikuwa juu ya ngazi, mchana kweupe, mbele ya macho ya watu, akimalizia kidevu. Majirani walikuwa wamekusanyika chini, na aliyeshika ngazi alikuwa Mzee Pinga.

"Msinitazame," mzee alinong'ona. "Ukuta bado siukubali. Nashika ngazi tu mama asianguke."

"Dada," Inspekta aliita. "Shuka kidogo."

Fundi alishuka na brashi mkononi. Alimwona shemeji yake katikati ya askari wawili, akacheka kidogo, kwa mshangao. "Shemeji, na wewe wamekukamata kwa rangi?"

Mpiga picha alisema. Alisema vibaya, kwa kurudiarudia, akianza mwisho na kurudi mwanzo, lakini alisema yote: pasipoti, yule mama, simu, kikapu. Majirani waliokuwa wamemshika fundi mkono wakampa pole walianza kutazamana. Mwanamke mmoja aliziba mdomo.

Fundi hakupiga kelele. Aliuliza polepole, kama anavyowauliza wateja vipimo.

"Ulimwona akiumwa?"

"Hapana."

"Kuna unayemjua aliyemwona?"

"Yule mama alisema..."

"Nimekuuliza wewe. Ulionyeshwa kaburi? Hata picha ya kaburi? Wewe si mtu wa picha?"

"Hapana, shemeji."

"Kwa hiyo umemzika mwanangu kwa simu."

Mpiga picha aliinamisha kichwa. Inspekta alimpa konstebo ishara, naye akampeleka kituoni. Watu walimpisha bila kumgusa.

Fundi alimgeukia Inspekta. "Na wewe, afande? Amekufa?"

Inspekta alijua jinsi hadithi za namna hii zinavyokwisha. Alikuwa na kadhaa kabatini. Alijua pia kwamba mtu anayesafirisha wasichana ana sababu zake za kusema amekufa msichana aliyemtoroka, au aliyemwuza, au ambaye hataki atafutwe. Kati ya hayo hakuwa na ushahidi hata wa moja. Alichokuwa nacho ni namba ya simu.

"Sijui, dada. Namba ninayo. Naanza nayo leo, kabla huyo mwanamke hajasikia. Nikipata jibu nitakuletea mwenyewe, lolote litakalokuwa."

"Utaniletea wewe. Si kikapu."

"Nitakuletea mimi."

Fundi alitikisa kichwa kukubali, akashika ngazi apande. Kisha akaiachia, akakaa chini kwenye vumbi, brashi ikimchafua gauni, akalia kilio ambacho mtaa ulikuwa haujawahi kumsikia akilia. Majirani walimzunguka. Safari hii hakuna aliyesema pole. Walikaa naye chini.

Kilipopungua, mchoraji alichutama mbele yake. Alitazama juu, kwenye uso uliokuwa wa maji ya kunde mpaka kidevuni na shingo ya bluu.

"Mama, nikumalizie?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Au niirudishe bluu? Niambie wewe. Jumamosi mheshimiwa anakuja."

Fundi aliutazama uso ule. Alijifuta machozi kwa kiwiko, kwa sababu viganja vilikuwa na rangi.

"Usiguse," alisema. "Mwacheni hivyo hivyo. Mheshimiwa akiuliza huyu ni nani, mwambieni anatafutwa. Na mwambieni nywele zake ndizo hizo."